Kwa nini madaktari, wauguzi, walimu na watu wa maabara hawayapokei maboresho ya ubora kwa namna moja?

Muuguzi wa Tabora ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni afisa muuguzi katika hospitali moja ya mkoa wa Tabora, na tangu mwaka jana nimekuwa katibu wa timu ya uboreshaji wa huduma hapa kazini. Naomba uzoefu wa watu wa taaluma mbalimbali, si wa afya peke yake, juu ya jambo linalonisumbua kwa muda mrefu.

Wenzangu wa afya wanafahamu kwamba hospitali za nchi yetu zilianza kutumia utaratibu wa 5S, yaani hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mwaka 2007, Mbeya ikitangulia, kwa msaada wa Wajapani kupitia shirika lao la misaada, JICA na kwa kuiga yaliyofanyika katika hospitali ya wanawake ya Castle Street kule Colombo, Sri Lanka. Yale maneno matano tuliyapokea kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kisha ukaja wakati wa Matokeo Makubwa Sasa, mpango wa serikali wa kuharakisha maendeleo, na kuanzia mwaka 2015/16 zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya vikapimwa kwa nyota, ambapo karibu theluthi moja vilipata sifuri katika duru ya kwanza. Ukafuata mpango wa kulipa vituo kulingana na matokeo, ambao ulifika Tabora na Kigoma pia. Siwezi kusema kwamba serikali au wahisani wametuacha bila miongozo.

Shida yangu ni jinsi watu wanavyoipokea. Timu yetu hukutana kila Jumatano saa tatu asubuhi. Wauguzi hufika mapema na madaftari yao, na watu wa maabara hufika na faili lililopangwa vizuri kuliko la kwangu. Mfamasia akishindwa kuja humtuma msaidizi wake na leja ya stoo, na mhasibu huja ikiwa ajenda ina fedha. Madaktari hawaji. Mwaka mzima amekuja mmoja, naye alisimama mlangoni bila kukaa, akaniambia kwa upole, "Dada, nina wagonjwa," akaondoka.

Nitoe mfano mmoja ili nieleweke. Katika wodi ya wazazi tuliandaa trei ya kifafa cha mimba. Kila kitu kina mahali pake palipozungushiwa utepe mwekundu: magnesiamu, bomba za sindano, katheta, nyundo ya kupimia mshtuko wa goti, na kalsiamu ya kuokoa mgonjwa dawa ikizidi. Umeme ukikatika usiku, muuguzi yeyote wa zamu anaweza kupapasa gizani akapata anachokitaka, na tumeshawahi kufanya hivyo. Lakini kila daktari anapoitumia trei ile, asubuhi tunaikuta dirishani au juu ya kitanda kitupu, nusu ya vitu havipo, na nyundo imeondoka ndani ya mfuko wa koti. Ni kana kwamba sisi tunauona ule utepe na wao hawauoni.

Je, hii ni tabia ya watu fulani, au kila taaluma ina namna yake ya kupokea jambo la ubora? Na wale mliofanikiwa kuwaingiza waliokuwa wakikaa pembeni, mlitumia njia gani?

Tabibu Mstaafu, Kigoma:

Binti yangu, pole na kazi. Nimefanya kazi ya udaktari msaidizi kwa miaka mingi katika mkoa huu, ambao ni miongoni mwa mikoa ambayo vituo vya afya vya vijijini viliwezeshwa kufanya upasuaji wa uzazi kwa kutegemea watu wa kada yangu, hivyo nitasema kama mmoja wa hao wasiouona utepe.

Kila taaluma ina mahali ilipoweka heshima yake. Muuguzi amefundishwa tangu chuoni kwamba heshima yake ni utaratibu: dawa sahihi, saa sahihi, saini, makabidhiano ya zamu. Ukimletea 5S unampa jina jipya la kitu alichokwisha kukiheshimu. Daktari amefundishwa kwamba heshima yake ni uamuzi wake mbele ya mgonjwa huyu mmoja, usiku huu, kwa dalili ambazo hazikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Ukimletea orodha ya kuweka alama, anasikia kwamba unatilia shaka uamuzi wake, hata kama hukukusudia hivyo. Nasema anasikia hivyo. Sisemi kwamba ana haki.

Hili ni la zamani sana. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi mara nyingi zaidi kuliko wale wa wodi ya wakunga, kwa sababu madaktari walitoka moja kwa moja kupasua maiti wakaenda kuzalisha. Alipowalazimisha kunawa kwa maji ya klorini vifo vilishuka ndani ya miezi michache, na bado wakubwa wengi wa taaluma walimkataa. Mimi naona kilichowauma hasa ni kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikibeba kifo, zaidi ya kazi ya kunawa yenyewe.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha hakiki ya upasuaji salama yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, na moja ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Lakini jimbo la Ontario nchini Kanada lilipozitaka hospitali zake zote kuitumia, na watafiti wakaangalia hospitali 101, matokeo yao ya mwaka 2014 hayakuonyesha upungufu wa maana. Orodha ilikuwa ya namna ileile. Wengi wamebishana kuhusu sababu, na mimi ninayo ya kwangu niliyoipata kwa gharama.

Ilikuwa usiku, jenereta inaunguruma nje, mtoto ameshatoka salama na analia, nami nimekwisha kushika sindano ili nifunge tumbo. Muuguzi aliyekuwa akisimamia vifaa, binti aliyemaliza chuo si zamani, akasema, "Daktari, gozi hazijatimia," yaani vile vitambaa vya kunyonya damu. Nikamwambia ahesabu upya. Akazipanga tano tano juu ya shuka la kijani, zikawa kumi na tisa badala ya ishirini. Nilikuwa na hakika kwamba amekosea, na nilimwambia hivyo kwa sauti ambayo sasa naionea aibu. Hakubishana nami. Alibaki amesimama na beseni mkononi, akaitaja idadi ileile kwa sauti ileile. Nikarudisha mkono ndani, nikaikuta gozi imejikunja nyuma ya mfuko wa uzazi.

Jambo ninalotaka ulione ni hili: fomu ya upasuaji salama ya mgonjwa yule ilikuwa imeshajazwa kabla hatujaanza, pamoja na kile kisanduku cha kuhesabu gozi, na saini ilikuwa yangu. Fomu ilikuwa imekamilika na mama yule alikuwa karibu kufungwa na kitambaa tumboni. Aliyemwokoa ni binti aliyekuwa na ujasiri wa kurudia namba mbele ya mkubwa wake. Tangu siku ile sikujaza fomu nikiwa ofisini, na hakuna aliyenilazimisha kwa semina.

Kwa hiyo usimwite daktari kuja kujadili kabati na lebo. Mletee kitu kinachogusa mikono yake mwenyewe. Hesabu vidonda vya upasuaji vilivyopata maambukizi katika wodi yako kwa mwezi mmoja, umwekee mezani bila kutaja jina la mtu. Kama ni mtu wa kazi, hatalala.

Fundi Maabara, Nzega:

Nitasema kwa ufupi. Dada amesifu faili letu, nami nashukuru, lakini tusipewe sifa tusizostahili. Kupima makosa ni kazi yetu tangu mwanzo: kabla ya sampuli ya mgonjwa kuingia kwenye mashine, inatangulia sampuli ya udhibiti ambayo majibu yake yanajulikana, na ikitoka nje ya mipaka hatuendelei. Ndiyo maana ule mpango wa nyota wa maabara za Afrika uliozinduliwa Kigali mwaka 2009, na baadaye safari ya kuelekea ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, vilitukuta tumekaa tayari.

Hata hivyo, nakiri kwamba tunaweza kuwa na faili zuri na majibu mabaya. Damu ikichukuliwa wodini kwa haraka, chupa isitikiswe, ikafika kwetu imeganda, au jina la chupa lisilingane na la fomu, sisi tutaandika kwa usahihi kabisa kwamba sampuli imekataliwa, na ubora wetu kwenye karatasi utabaki asilimia mia wakati mgonjwa bado anasubiri. Taaluma inayopenda utaratibu inaweza kujificha ndani ya utaratibu wake. Nadhani hili linawahusu hata wauguzi, kwa heshima zote.

Mwalimu wa Kasulu:

Naomba nitofautiane kidogo na mzee wetu wa Kigoma. Sikubali kwamba ni taaluma inayoamua. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, na nimeona walimu wale wale, katika shule ile ile, wakilipokea boresho moja kwa mikono miwili na kulikimbia jingine. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika kalamu, na alikuja kufanya nini.

Tulipokuwa na wakaguzi, gari la idara likionekana tu barabarani, mwalimu mkuu anatuma mtoto mbio darasani: maandalio ya somo yatoke! Baadaye jina likabadilika, wakaitwa wathibiti ubora wa shule, na mfumo mpya ulisema watatushauri badala ya kututafutia makosa. Wapo waliobadilika na wapo waliobadilisha jina tu. Alikuja mmoja akafungua azimio la kazi, andalio la somo na shajara, akagundua kwamba tarehe mbili hazilingani, akaandika, akaondoka bila kuingia darasani, wakati darasani nilikuwa na watoto zaidi ya mia moja wamekaa chini. Mwaka uliofuata alikuja mwingine, mama mtu mzima. Akakaa nyuma kwenye mkeka kipindi kizima, kisha akaniomba chaki. Akawafundisha watoto wangu kutofautisha sauti za "b" na "d" kwa vizibo vya soda alivyovipanga sakafuni, na mtoto mmoja ambaye nilikuwa nimeshamkatia tamaa akasoma neno "baba" na neno "dada" bila kuchanganya. Ripoti ya mama yule ilikuwa na makosa yangu mengi kuliko ile ya kwanza, nami niliipokea bila kinyongo, kwa sababu aliyaona makosa hayo akiwa mkekani pamoja na watoto wangu.

Mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na yale ya EQUIP-Tanzania, mradi wa kuboresha elimu ya msingi, yaliyofika Kigoma na Tabora kuanzia mwaka 2014, yalishika mizizi pale ambapo walimu tulikaa sisi kwa sisi shuleni kujadili somo lililotushinda. MEWAKA ya sasa, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inafuata wazo hilohilo, na mwalimu akiipata kwa njia hiyo anaipenda. Linganisheni na tathmini ya utendaji. Tulikuwa na OPRAS iliyoanza mwaka 2004, fomu ndefu tuliyoijaza mwishoni mwa mwaka kwa kunakiliana, na katika mwaka wa fedha 2023/24 tukaingia PEPMIS ya kwenye mtandao. Kwa shule ambayo mawasiliano yanapatikana ukipanda kilima, mwalimu hutumia jioni yake kutafuta mtandao ili aeleze kwamba alifundisha. Sipingi kupimwa. Ninachokiuliza ni kama namba ninayoiingiza kule itarudi kwangu siku moja ikiwa msaada wa kumfundisha yule mtoto wa "b" na "d".

Dada wa Tabora, ningependa kukuuliza jambo dogo: hiyo Jumatano saa tatu asubuhi, nani aliichagua?

Mama wa Mwaloni, Kibirizi:

Sina cheti cha taaluma yoyote, lakini dada amesema anataka uzoefu wa watu wote, na mimi ninakausha na kuuza dagaa kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Zamani sote tulianika mchangani. Dagaa wakitoka kwenye mtumbwi asubuhi unawamwaga, unawatandaza, jua likiwa zuri jioni unazoa, na mchanga unakwenda nao gunia moja. Wakaja wataalamu wakatwambia tuanike juu ya vichanja vya wavu, dagaa wapate hewa chini na juu, wasishike uchafu, na mvua ikija ufunike haraka. Tulikubali kwa midomo kwa miaka mingi. Kichanja kinataka mbao, wavu na misumari, na mbao zina bei. Kilichonibadilisha mimi ni mnunuzi mmoja kutoka Dar es Salaam aliyekuwa akipita gunia kwa gunia. Anachukua dagaa mmoja, anamtia mdomoni, anatafuna polepole, na akisikia mchanga kwenye meno anatema, anasogea kwa mwingine bila kusema neno. Siku hiyo alipita gunia zangu nne. Jirani yangu wa vichanja aliuza zote kabla ya adhuhuri, kwa bei ambayo mimi sikuwahi kuipata. Wiki iliyofuata niliuza mbuzi nikanunua wavu.

Lakini nenda kwenye vijiji vya mbali ambako mnunuzi ni mmoja tu na analipa bei moja kwa dagaa wa mchanga na wa kichanja. Huko bado wanaanika chini, na msiwaite wavivu. Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, niliona jambo hilohilo: aliyekuwa na akiba au shamba la michikichi alilisifu wazo, na kibarua wa mtumbwi aliyelala njaa hakuweza kulisifu, ingawa faida ya samaki kuongezeka ingekuwa yake pia.

Kwa hiyo swali langu kwa dada ni hili: katika hospitali yenu, mchanga unaingia kwenye meno ya nani? Naona ile trei ikitawanywa, anayeumia ni muuguzi wa zamu ya usiku na mgonjwa. Daktari hautafuni ule mchanga, kwa sababu muuguzi amekwisha kuzoa vitu na kuvirudisha kabla yeye hajaitwa tena.

Muuguzi wa Tabora amejibu:

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee wangu wa Kigoma na mama wa Kibirizi. Nimechukua siku tatu kabla ya kujibu kwa sababu swali la mwalimu lilinichoma, nikaamua kwenda kuuliza kwanza.

Jumatano saa tatu tuliichagua sisi wauguzi, kwa kuwa zamu ya asubuhi inakuwa imekamilika na usafi wa wodi umekwisha. Nikamfuata yule daktari aliyesimama mlangoni. Akaniambia kwamba Jumatano saa tatu ndiyo raundi kubwa ya wodi ya upasuaji, na kwamba alikuja siku ile kwa kuikatiza ili tu anieleze, akadhani ninajua. Nilikuwa najua raundi ipo. Sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja kichwani. Mwaka mzima nimeandika kwenye muhtasari "madaktari hawakuhudhuria" na kupeleka kwa mganga mfawidhi, na hakuna mtu yeyote, nikiwemo mimi, aliyetazama saa.

Hilo halimalizi suala la trei, na sikubali kwamba yote ni ratiba. Nilimuuliza pia habari ya nyundo. Alitoa mbili mfukoni. Akasema wodi nyingine hazina, kwa hiyo akiipata anaishika asije akaikosa anapoihitaji. Hapo nimeona kwamba utepe wetu mwekundu umeitunza wodi moja tu, na yeye anazunguka wodi nne. Nimeomba nyundo zinunuliwe kwa wodi zote kutokana na mapato ya hospitali, na yeye amekubali kuyaeleza maombi hayo mwenyewe mbele ya kamati.

Kuhusu ushauri wa mzee wa kuhesabu vidonda, tumekubaliana tuanze na upasuaji wa uzazi. Hata hivyo nimekwama mahali: mama akijifungua kwa upasuaji tunamruhusu baada ya siku chache, na kidonda mara nyingi huharibika akiwa nyumbani, Uyui huko au mbali zaidi. Nikihesabu waliomo wodini peke yao nitapata namba nzuri ya uongo. Mzee, ninyi mlifanyaje?

Tabibu Mstaafu, Kigoma:

Umeona vema, na wengi hawaoni. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku 30 baada ya upasuaji, kwa hiyo daftari la wodi halitoshi. Fungua daftari moja la wazazi wote waliopasuliwa, lenye tarehe ya upasuaji, kijiji na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, kwa maana wengi hawana simu yao. Kisha tumia mahudhurio ya baada ya kujifungua: mama anatakiwa kurudi kliniki kati ya siku ya tatu na ya saba, na tena kabla mwezi haujaisha, hata kama ni kwenye zahanati ya kijijini kwake. Mwombe muuguzi wa zahanati atazame kidonda na akupigie simu, naye ajue kwamba umemshirikisha katika kazi, asidhani unamkagua. Wasiorudi, wapigie wewe siku ya 30 na kuuliza maswali matatu tu: je, kidonda kilitoa usaha, kilifumuka, au kilitibiwa tena mahali popote?

Gawa kazi ya kupiga simu kati ya muuguzi mmoja na daktari mmoja wa zamu, wabadilishane kila wiki. Mama akisema usaha ulitoka, na aliyeko upande wa pili wa simu ni yule aliyemshona, hutahitaji kumwita kwenye mkutano. Na mkutano wenyewe uuhamishe uwe saa nane mchana.